Wapiga picha wa sherehe, acheni kutupa mzigo wa waiti balansi kwa wahariri!

Wakuu, niko mbele ya kompyuta tangu saa mbili, sasa ni saa tisa usiku, na nina hasira.

Mwenzangu kaniletea memori kadi ya sendoff aliyopiga Jumamosi hapa Dar. Picha 1,400, zote JPEG, waiti balansi (mpangilio wa kamera unaofanya cheupe kionekane cheupe chini ya taa yoyote) iko oto mwanzo mwisho. Ukumbini kulikuwa na balbu za njano, taa za LED za zambarau jukwaani, na yeye na flashi yake nyeupe. Kila picha ina rangi yake! Wakati wa keki, gauni la bibi harusi mtarajiwa ni la krimu. Picha inayofuata limekuwa la bluu mpauko, kisa shangazi mwenye kitenge chekundu kaingia kwenye fremu. Oto inakisia tu. Wekundu ukijaa, inadhani ni taa, inamwaga bluu kufidia.

Kuna picha ya mama mzazi akilishwa keki na mwanawe. Nimeikuza. Shavu lililoelekea jukwaani ni zambarau, la upande wa flashi limepauka kama kapakwa majivu. Mama huyu namfahamu, ni maji ya kunde, ngozi inang'aa. Binti alipotumiwa chache WhatsApp akauliza, "Mbona mama anaonekana mgonjwa?" Nimjibu nini?

Mwenzangu anasema, "Si utarekebisha kwenye Lightroom," ile programu ya kuhariri picha. Narekebisha nini? JPEG imeshatupa taarifa nyingi za rangi, nikivuta njano kidogo ngozi inatoa mabaka. Angepiga RAW, yaani faili ghafi la kamera lisilotupa kitu, ningebadilisha kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga, K) bila kuharibu kitu. Na ile zambarau hata RAW isingeiponya: taa yake haina kijani, sasa rangi ambayo haikuingia kwenye kamera niitoe wapi?

Na hii kazi ni ya dakika mbili, jamani! Balbu za njano ni kama 3200K, flashi kama 5500K. Vesha flashi jeli ya chungwa, ile plastiki nyembamba ya rangi, zinakuwa sawa. Kisha mtu ashike kadi ya kijivu pale meza kuu, ipige, pima waiti balansi hapo, usiiguse mpaka mhame. Wa taa mwombe azime zambarau wakati wa keki. Mimi huwa naomba, sijawahi kukataliwa. Mchana chini ya turubai la bluu au la kijani, pima humo humo chini ya turubai, sio juani.

Watu wamechanga miezi, vikao kila Jumapili, na advansi mmepokea.

Nimemwambia: picha alizomo mama nitazisafisha moja moja kwa mkono, bure, kwa ajili ya yule binti. Zilizobaki namrudishia kadi yake kesho, akamweleze mteja mwenyewe.