Mjadala: Mwizi wa nyavu apelekwe jela ya Hindi au afagie mji?

Baba Swabra, Langoni
Assalamu alaykum wana wa Amu, yaani Lamu, na ndugu zetu wa Malindi. Mwezi uliopita niliibiwa vipande viwili vya jarife, nyavu zangu za kuvulia, usiku, vilikuwa vimeanikwa juu ya mashua. Aliyeviiba ni kijana wa papa hapa mjini, mtumiaji wa unga, na mwenyewe alikiri kortini. Akapewa kifungo cha nje, miezi 6, afagie ufuoni. Nikitoka alfajiri kwenda baharini namwona na ufagio. Saa nne keshamaliza, amekaa barazani. Mimi hadi leo naazima nyavu za watu, na nikipata samaki nagawana nao nusu kwa nusu. Naambiwa haya ni marekebisho ya haki, na kwamba miradi ya kuwasaidia vijana ndiyo dawa ya wizi. Nauliza kwa moyo safi: yamsaidia nani? Angepelekwa jela ya Hindi, kule bara ya Lamu, si tungelala?

Karani wa Sheria, Mokowe
Pole sana kaka. Lakini tusiseme ameachiliwa. Sheria ya kutumikia jamii ni ya 1998. Yahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, au pale hakimu aonapo kwamba kifungo kinachomfaa mtu hakizidi miaka hiyo. Wizi wa kawaida mwisho wake ni miaka 3, kwa hiyo kijana yumo ndani ya mstari. Kabla ya hukumu afisa wa probesheni huulizia nyumbani kwao na kwa majirani, akaandika ripoti. Akikwepa kazi bila sababu hurudishwa mbele ya hakimu, na hapo jela iko karibu.

Nahodha Mstaafu, Mkomani
Nyinyi vijana hamkuiona jela ya ndani ya mji. Ngome hii ya Lamu mnayopigia picha na wageni ilikuwa jela tangu 1910 hata 1984. Mama akienda sokoni alijua mwanawe yuko nyuma ya ukuta ule pale, hatua chache kutoka kwenye ndizi na samaki. Leo kwenda Hindi ni mashua mpaka Mokowe, kisha gari, na nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha nyumba siku mbili. Mfungwa akitoka huko kwao wamekwisha kumzoea hayupo. Kwa hilo kifungo cha nje nakiunga mkono. Ila hiki cha kufagia mavi ya punda mbele ya watu kimezidi. Mtoto wa watu kushika ufagio kama asiye na kwao! Heri jela, huko huonekani.

Mtoto wa Mfagiaji, Wiyoni
Ami Nahodha, nimeyasoma maneno yako mara tatu. Asiye na kwao ni nani? Mamangu amefagia mji huu miaka 19. Kwao kwajulikana, na kwa babake kwajulikana. Hapa mjini gari halipiti vichochoroni. Kila gunia la saruji na kila kreti ya soda yabebwa na punda. Mavi yake huondolewa na nani asubuhi, kabla hujatoka msikitini na kanzu yako nyeupe? Kiganja chake cha kulia kina sugu mbili pale mti wa ufagio unapokaa. Moja imepasuka, haifungi, kila usiku huipaka mafuta ya nazi. Kwa mavi hayo nimesoma mpaka kidato cha nne.

Nahodha Mstaafu, Mkomani
Binti yangu, sikumtaja mamako, na namheshimu. Nimesema habari ya adhabu. Afagiaye kwa mshahara ni mfanyakazi, afagiaye kwa amri ya korti ni mfungwa. Mbona wachanganya?

Mtoto wa Mfagiaji, Wiyoni
Waliochanganya ni waliomweka mfungwa kwenye kazi ya mamangu wakaiita adhabu. Watoto wakipita kwenda chuoni wamwona mwizi na mamangu upande kwa upande, ufagio mmoja, takataka moja. Wajifunza nini hapo? Mbona hajapelekwa kuandika barua ofisini, ikawa hiyo ndiyo adhabu?

Mama wa Shela
Umesema kweli mwanangu. Na mimi naongeza: yule kijana nilimwona amepewa glavu. Wale kina mama wa kila siku mbona hawana?

Karani wa Sheria, Mokowe
Sheria hailazimishi kufagia. Imetaja barabara, kupanda miti, miradi ya maji, kazi katika shule na hospitali za umma. Mwenye ujuzi aweza kuwekwa kwenye ujuzi wake. Ufagio hupendwa kwa sababu ni rahisi kuusimamia.

Mama wa Shela
Basi glavu zatoka wapi?

Dada wa Barani, Malindi
Ndugu zangu wa Lamu, mwagombania ufagio na mgonjwa yuko mbele yenu. Kakangu alifungwa mara mbili, zote kwa wizi mdogo: mara ya kwanza mtungi wa gesi, ya pili simu. Mara zote mbili alitoka ndani akiwa mnene, ngozi nzuri, mama akachinja kuku. Wiki haikwisha. Nyumba ni ile, maskani ni ile, na mwenye kete za unga anamsubiri pale pale. Hapa Malindi methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache unga, ilianza kutolewa hospitali ya serikali 2015. Akaingia. Kila asubuhi hunywa mbele ya muuguzi, hapewi ya kwenda nayo nyumbani. Miezi ya kwanza nilikwenda naye mimi mwenyewe, namshika mkono kama mtoto wa nasari, maana njiani kuna watu walikuwa wakimwita kwa jina. Sasa anauza mahamri na mbaazi. Nyumbani kwetu hakipotei kitu. Kijana wenu akifagia alfajiri na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imemshika saa sita, mtakuwa mmeuhamisha wizi tu, kutoka usiku kuja mchana.

Mwenye Duka, Majengo Malindi
Dada, teja ni teja. Nimevunjiwa duka mara 3. Kazi ya kuwabembeleza ndiyo imetufikisha hapa, maana siku hizi hata mtoto wa miaka 14 akiiba eti hashtakiwi.

Dada wa Barani, Malindi
Kakangu ana jina alilopewa na babake. Ukimwita teja mbele yangu hatutaelewana hata kama duka lako limevunjwa mara 30. Alipokuwa mzima ni yeye aliyekuwa akija kuwabebea watu wa mtaa huo wenu maiti zao mpaka makaburini. Hakuna aliyemlipa.

Mwalimu wa Chuo, Lamu
Tuwekane sawa. Sheria ya Watoto ya 2022 yasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa kosa. Zamani ilikuwa miaka 8. Kati ya 12 na 14 mahakama huchukulia kwamba mtoto hajapambanua jema na baya, mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo wa miaka 14 hushtakiwa, Bwana Mwenye Duka. Nimekaa na watoto wa miaka 9 wanaotumwa kupeleka kete bila kujua wamebeba nini. Nani angependa kumwona huyo kizimbani?

Mwenye Duka, Majengo Malindi
Shukran kwa kunisahihisha, Maalim. Lakini duka langu bado limevunjwa. Dada, nami sikulala siku zile, na mke wangu alikuwa na mimba. Neno nalifuta. Uchungu sijaufuta.

Baba Swabra, Langoni
Nimeuliza habari ya nyavu tangu mwanzo. Tumepita kwenye ngome, punda, glavu, methadoni, umri wa watoto. Hakuna aliyenijibu. Jarife langu laenda wapi?

Karani wa Sheria, Mokowe
Nisamehe kaka, ilifaa nianze na hilo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 31, yasema mtu akipatikana na hatia aweza kuamriwa amlipe fidia aliyemdhuru. Na iko Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014: wewe uliyeibiwa una haki ya kusikizwa kabla ya hukumu kutoka. Je, ulisimama ukasema?

Baba Swabra, Langoni
Hakuna aliyeniita. Hukumu niliisikia baada ya sala, kwa mtu aliyeisikia kwa mwingine. Afisa alikwenda nyumbani kwao kijana, akaulizia tabia yake utotoni. Vizuri. Nyumbani kwangu ni mlango wa nne kutoka hapo. Hakubisha hodi.

Nahodha Mstaafu, Mkomani
Hilo ni dhuluma. Zamani mwizi wa chombo cha bahari aliletwa mbele ya manahodha, mwenye mali akasema mbele yake. Na mimi nauliza jambo jingine: jarife halivutwi puani. Liliuzwa. Nani alinunua?

Karani wa Sheria, Mokowe
Swali zito hilo, mzee wangu. Mwizi wa nyavu mwisho wake ni miaka 3. Anayepokea mali akijua ni ya wizi, kifungu cha 322, mwisho wake ni miaka 14.

Mwalimu wa Chuo, Lamu
14? Na aliyekamatwa ni wa 3 peke yake?

Mtoto wa Mfagiaji, Wiyoni
Mamangu hunywa chai na yule kijana wakimaliza upande wa gati. Mama ndiye anayeitoa chupa, yeye huja na mikono mitupu. Alimwambia aliyaondoa yale majarife kwa bei ya kete nne, na kwamba aliyenunua hakumuuliza yametoka wapi, alihesabu vipande tu akafunga mlango. Jina hakulitaja. Alilia, mama asema. Na siku nyingine alichukua wavu wa mtoto mmoja pale ukutani, umekatika, akaushona kwa dakika chache, mafundo yamelingana kama ya kiwandani. Babake alikuwa mvuvi.

Baba Swabra, Langoni
Namjua babake. Tulivua pamoja msimu mzima wa kaskazi kabla hajafariki. Mamako na yule kijana huanza saa ngapi?

Mtoto wa Mfagiaji, Wiyoni
Wakitoka tu sala ya alfajiri. Waanzia gatini.

Baba Swabra, Langoni
Kesho siendi baharini. Nitakuwa hapo. Nataka anitazame machoni, na nataka jina la aliyenunua.

Mwenye Duka, Majengo Malindi
Ukilipata usiende peke yako kwa huyo mnunuzi. Nenda na watu wazima wawili.

Nahodha Mstaafu, Mkomani
Mimi ni mmoja wao. Na wewe binti, mpe mamako salamu zangu. Nitamsalimia mwenyewe kesho.

Mama wa Shela
Mkifika mtazameni mikono. La glavu bado hamjanijibu.