Nyumba ya duka Kiponda: kuna unafuu wowote ukiihifadhi au tuuze tu yaishe?

MrithiWaKiponda
Asalaam alaykum jamani. Nna suali, anaejua anisaidie. Marehemu babu katuachia nyumba Kiponda, humu Mji Mkongwe wa Zanzibar, chini duka la vitambaa lenye ile milango ya Kihindi ya kukunja, juu ghorofa mbili za kukaa. Warithi tupo 11, wengine Muscat, wengine Dar, miye ndo nlobaki mjini kwa hiyo kila kinachodondoka nnaokota miye. Ukuta wa nyuma umefanya ufa, boriti za juu zimeliwa na mchwa, na kodi anayolipa mpangaji wa duka haitoshi hata kununua mbao. Sasa kaja mtu anataka kununua afanye hoteli, na warithi wa nje wote washakubali kwenye grupu, hata nyumba hawajaiona miaka 10.

Kubomoa hairuhusiwi, kuongeza ghorofa hairuhusiwi, sawa nnafahamu, mji umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Lakini mzigo wa kuutunza huo urithi mbona umeangukia mfuko wangu? Nimesikia nchi za wenzetu mwenye jengo la zamani hupunguziwa kodi ya serikali, au hupewa haki ya kujenga kwengine badala ya pale alipozuiwa. Kwetu haliwezekani? Nilinde Kiponda, nipewe ghorofa zangu Kilimani au Fumba, nje ya Mji Mkongwe, nimuuzie mjenzi, pesa nitengenezee nyumba.

NgamboDamu
Waalaykum salaam kaka. Jambo hilo lipo na lina umri, ila ni njia mbili watu huzichanganya.

Moja ya kodi. Marekani ukitengeneza jengo la kihistoria linaloingiza pesa, duka, ofisi, hoteli, nyumba ya kupangisha, serikali kuu inakukatia kwenye kodi yako ya mapato asilimia 20 ya gharama. Nyumba unayokaa mwenyewe haimo. Na kazi inakaguliwa, na gharama iwe kubwa kweli, si upake rangi mbele useme umehifadhi, halafu ukiliuza kabla ya miaka 5 wanakudai sehemu ya walichokupa.

Ya pili ndo hiyo yako, kuuza hewa, yaani haki ya ghorofa ulozuiwa kujenga. Usicheke wallahi. New York walianza kuvunja stesheni ya Penn 1963, watu wakalia sana, 1965 mji ukatunga sheria ya kulinda majengo. Baadae kampuni ya reli ikataka kupandisha mnara juu ya stesheni ya Grand Central, mji ukakataa, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu na 1978 mji ukashinda, na moja katika yalotiwa mizani ni kwamba mwenye jengo hakunyang'anywa kila kitu, zile ghorofa alozuiwa aliweza kuzihamishia viwanja vyake vya jirani. Mumbai nao wanayo ya namna hiyo kwa majengo ya urithi tangu miaka ya 90.

Ila hewa inauzika pale ilipo adimu tu. Mjenzi wa Fumba akanunue ghorofa zako za Kiponda kwa lipi ikiwa yeye akiomba kibali cha ghorofa anapewa? Mpaka kwanza iwekwe kipimo huku Ng'ambo na Fumba, kwamba bure mwisho ghorofa kadhaa, ukitaka zaidi kanunue kwa mwenye nyumba ya Mji Mkongwe. Hapo ndo soko linazaliwa. Bila ya hivo utakuwa unauza hewa kweli kweli.

fundi_wa_chokaa
Nimepita tu naona mnaongea majumba yetu. Miye nipo kwenye kazi hii tangu nabebea mafundi udongo kichwani. Nyumba zile ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na boriti za mikoko ndo maana vyumba vyembamba, boriti haifiki mbali. Ukuta ule unapumua, ukiupiga lipu ya saruji unyevu unafungwa ndani, chumvi inabaki inatafuna, masika mawili matatu lipu inaanguka na jiwe lake.

Sasa nnachotaka kusema, misamaha wanayopewa wawekezaji sehemu kubwa ni ushuru wa vitu vya kutoka nje, vigae, vioo, viyoyozi, lifti. Chokaa haitoki Dubai. Boriti hazitoki China. Kwenye kazi ya chokaa pesa inakwenda kwenye mikono ya watu, chokaa ichomwe, ilazwe shimoni, isubiriwe, ukuta upigwe kidogo kidogo ukauke, na ujira wa fundi hakuna anaeusamehe. Kwa hiyo anaejaza saruji na vigae ndo anaepata nafuu, na mwenye kutengeneza kama ipasavyo analipa kamili. Hilo ndo la kubadilisha kabla hatujafika New York.

BiMkunazini
Fundi umesema. Na mimi naongeza, hiyo nafuu ipewe nyumba yenye duka likibaki duka. Hoteli zinajitengenezea zenyewe, hazina haja ya kubembelezwa, hoteli ya Serena pale Shangani lilikuwa jengo la simu likatengenezwa vizuri sana miaka ya 90 wala silaumu, lakini haiwezi kila nyumba ikawa hoteli. Mtaa wetu zamani unateremka ngazi unanunua uzi, sukari, mafuta ya taa, leo kuna vinyago na fulana tu na kitunguu nakifata sokoni Darajani na magoti haya.

MpembaMjini
Mnasahau mirathi. Hata ukipewa asilimia 20, apewe nani, watu 11? Na nyumba ngapi humo ni za wakfu au za serikali, mpangaji hana haki mwenye nyumba hana haja. Beit al Ajaib lenyewe la 1883 lilikuwa la serikali na liliporomoka Disemba 2020 wakafa watu. Uza kaka.

MrithiWaKiponda
Ahsanteni nyote. Bi Mkunazini umenigusa, babu alikuwa akiuza uzi. Nimewaandikia warithi waniachie miezi sita, nijaribu kumpata mpangaji wa duka akubali kutengeneza tukikatana kwenye kodi yake ya pango, kwa maandishi na fundi wa chokaa awe nimemchagua miye. Wawili wamekubali, mmoja kanitumia kidole gumba sijui ndo ndio au vipi.

fundi_wa_chokaa
Hiyo nzuri, ni nafuu ya kienyeji haihitaji sheria. Ila huo ufa umeanzia wapi, juu au chini?

MrithiWaKiponda
Juu, pembeni mwa dirisha, unateremka. Mtoto anaingiza kidole.

fundi_wa_chokaa
Itegemezee nguzo pembe hiyo wiki hii, usingoje grupu. Na juu ya paa kuna tangi la maji?

MrithiWaKiponda
Lipo. Lita 1000.

fundi_wa_chokaa
Tani nzima hiyo sheikh, juu ya boriti zilizoliwa. Literemshe leo, kesho asubuhi ntapita.