Randa ya marehemu baba: niitumie, niitundike au iende kwenye chuma chakavu?

mashoto_wa_keko

Wakuu, wakubwa shikamooni. Tuna karakana ya samani Keko, aliianzisha marehemu baba, sasa tunaiendesha mimi na mdogo wangu. Juzi dogo kasafisha stoo, makorokoro yote kayarundika mlangoni yamsubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Humo nikaikuta randa ya mzee: Record namba 05, ile ya Sheffield, urefu kama sentimita 35. Bluu yake imebaki kwenye pembe tu. Nikaichomoa.

Kisu kina pengo kwenye kona. Hilo nalikumbuka, nilikuwa darasa la nne. Mzee alikuwa anapiga randa mlango wa mvule, akakutana na jiwe. Mafundi mnaujua mvule: unafuga jiwe la chokaa ndani kwa ndani, kwa nje huoni kitu. Siku hiyo ndiyo nilimsikia baba akitukana kwa mara ya kwanza (na mama alikuwa karibu!).

Sasa shida iko kwenye mpini. Upande wa kushoto una kibonyeo cha gumba, kimelika mpaka kinang'aa. Mimi natumia mashoto, gumba langu linaangukia upande wa pili. Nikipiga randa dakika kumi kiganja kinawaka. Dogo anasema nafuga kutu. Nikibadilisha mpini, si nitakuwa nimemtoa mzee mwenyewe?

fundi_mstaafu

Marahaba mwanangu. Vyuma loweka kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha hapo hapo, paka mafuta. Kisu kinoe kwa jiwe taratibu mpaka pengo liishe. Usikikimbizie kwenye grainda. Kikiungua kikageuka rangi ya bluu, ukali haukai tena. Mpini umeshikwa na skrubu ndefu inayopita katikati na nyingine fupi mbele. Fungua, weka akiba, chonga wako wa mninga. Ziba pua, vumbi la mninga halina adabu.

mjukuu_wa_mshonaji

Nitakuwa mkali kidogo. Sisi nyumbani tuna vyerehani vitatu vya bibi. Hakuna anayeshona. Kila tukifagia tunavisogeza, tukimaliza tunavirudisha, na vimeshaniumiza kidole cha mguu mara mbili. Kama huitumii mpe fundi mwingine, ila usiiuze kwa kilo, hapo utajilaumu.

luku_imeisha

Subiri umeme ukatike na mteja kakaa kwenye benchi anasubiri kabati lake. Utamkumbuka mzee.

mashoto_wa_keko

Nimerudi wakuu, asanteni. Siki imefanya kazi, pengo limekwisha baada ya jioni tatu za kunoa. Maranda yanatoka membamba, unaona mwanga upande wa pili.

Ila sikilizeni. Nilimpelekea mama ule mpini, nikamwonyesha alama ya gumba la baba. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba yako aliinunua kwa fundi mmoja mzee, na hicho kishimo kilikuwepo. Mwaka mzima alilalamika kinamuumiza."

Nimechonga wa mninga. Bado unacheza kidogo, nitaurudia Jumamosi. Ule wa zamani uko kwenye droo ya misumari, na aliyeuweka humo ni dogo, kaufungia kwenye kitambaa.