«Mukono moja» ya nini? Makomisioneri (madalali wa motoka) wa Lubumbashi, muache kutuuzia jina la kwenye karte roze

Kila motoka inayouzwa Lubumbashi siku hizi ni «mukono moja», yaani eti imekuwa na mwenyewe mmoja tu, na bei inapandishwa kwa hilo. Mukono wa nani? Hapa watu wanauziana kwa karatasi ya mauzo tu, kubadilisha jina kunalipiwa, basi kila mtu anakwepa. Motoka inapita kwa watu watano, karte roze, karatasi ya kuiandikisha motoka, bado ina jina la yule aliyeitoa mpakani Kasumbalesa. Siku ukitaka kuiandikisha kwa jina lako, unadaiwa karatasi za mauzo zote tangu ya kwanza. Ikikosekana moja, kazi ya kumtafuta mtu aliyehamia Kinshasa ni yako. Dai karatasi zote KABLA ya kutoa pesa.

Haya, tuseme mwenyewe ni mmoja kweli. Toyota Hilux ya mgodi wa Kolwezi mwenyewe ni mmoja: kampuni. Madereva je? Wa mchana, wa usiku, wa kuazimwa, na hakuna hata mmoja anayelipia ambreyaji (klachi) ikichoka. Tena inasimama masaa moteri ikiunguruma kwa sababu ya klima (kiyoyozi). Mafuta ya moteri yanachoka, kilometa haziongezeki. Halafu mnatuonyesha dashibodi: kilometa 90,000, mukono moja! Wizi mtupu.

Toyota IST za taksi ndiyo usiseme. Usukani uko kulia na sisi tunapita kulia, kwa hiyo abiria wa nyuma wanashukia mlango ulio nyuma ya dereva. Fungua huo mlango nusu, unyanyue kwa mikono miwili. Mlango huo ukilegea kwenye bawaba na wa kushoto umekaza, hiyo ilibeba watu, hata wakiapa ni ya mama wa kwenda kanisani.

Mpeni fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Moteri 1NZ, ile ya IST nyingi, ikiwa ya moto, batri nzima, buji zote nne nje, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Silinda ikisoma chini ya bar 11, au zikipishana zaidi ya bar 1, ondokeni. Vuteni pia mikanda ya usalama ya viti mpaka mwisho, msome tarehe kwenye kitambaa kidogo: mkanda mpya kuliko motoka, huenda mtu aligonga.

Iliyotoka Japani juzi, hapo sawa, karatasi inasema kitu: cheti cha kusafirisha kinaandika kilometa za ukaguzi. Dashibodi ikiwa chini ya cheti, imerudishwa nyuma.

*

JIBU: Yaya, ongeza mashine ya kusoma makosa, ile ndogo ya kuchomeka chini ya usukani. Wauzaji wanafuta makosa asubuhi ili taa ya moteri izimike, mteja anakuja saa nne. Lakini kwa motoka nyingi mashine inaonyesha kilometa zilizotembewa tangu makosa yafutwe. Ikisoma kilometa 2, mwambie muuzaji muizungushe mpaka Kipushi na kurudi, kisha usome tena. Akikataa, mwachie motoka yake.