Mandhari kwenye hadithi ya kunusurika baharini: kusi au kaskazi?

Kalamu_Mbichi
Wakuu, nina mswada wa hadithi fupi. Mvuvi na mpwawe wanatoka Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa ngalawa, foromali (mti unaoshikilia tanga) inavunjika, wanapotea siku nne. Walioisoma wanasema mandhari imekaa kama picha ukutani. Ukiwahamishia jangwani hadithi haibadiliki. Nimeongeza mawimbi na machweo, bado. Nirekebishe wapi?

Nahodha_wa_Karatasi
Futa machweo. Hujasema ni mwezi gani, na kwa bahari hiyo mwezi ndio msuko.

Weka Juni: upepo wa kusi na mkondo wa pwani vyote vinaelekea kaskazini. Mkondo ukishika kasi hufika kilomita 7 kwa saa. Chukua 4 tu, ni kilomita 96 kwa siku. Makunduchi hadi usawa wa Malindi ya Kenya ni kama kilomita 350, kwa hiyo siku zako nne zinatokana na bahari yenyewe. Ila waweke mbali nje ya mwamba, la sivyo kusi itawabwaga vijiji vya jirani, Jambiani au Paje, jioni ileile na hadithi imekwisha.

Weka Januari: mkondo bado unapanda, polepole, huku kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiuvumia usoni. Upepo ukipingana na mkondo, mawimbi huwa mafupi na wima, maji yanaingia chomboni, upo (chombo cha kuchotea maji) hauwekwi chini. Huko juu, kaskazini mwa Kenya, mkondo huo hukutana na ule unaoshuka kutoka Somalia, kisha yote miwili inageukia mashariki, bahari kuu. Hapo siku nne hazitoshi, itabidi uzirefushe.

Bi_Mhariri
Naongezea upande wa mhusika, maana hapo ndipo miswada mingi inapolegea. Mvuvi wako ni "jasiri". Ujasiri hauonekani, kinachoonekana ni anachofanya na vifaa alivyo navyo.

Ngalawa isiyo na tanga hulala ubavu kwa mawimbi. Mtu anayejua kazi atalikusanya tanga, alifunge kamba, alitupe majini mbele. Likivuta, omo (sehemu ya mbele) inakabili mawimbi na mirengu, mbao za pembeni, haivunjiki. Ni hatua sahihi kabisa. Lakini Januari tanga lile majini linashikwa na mkondo, na chombo kinaupinga upepo ambao ungewarudisha Unguja au kuwapitisha hadi Mrima, pwani ya bara. Ustadi uleule unaomwokoa na mawimbi ndio unaompeleka mbali na nchi kavu. Mpwa, asiye na uzoefu, ndiye anayetaka tanga litolewe. Atamwambiaje mjomba wake kwamba amekosea? Dhamira yako imo humo, usimpe mtu yeyote hotuba.

Mzee_wa_Hesabu
Maji ya kunywa pia. Dumu la lita 5, watu wawili, nusu lita kila mmoja kwa siku: linafika siku 5, hakuna kiu, hakuna hadithi. Acha libaki na lita 2. Siku ya tatu kijana anatazama bahari kwa jicho lingine. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, hivyo mwili unatoa maji yake wenyewe kuisukuma nje. Kikombe kimoja kinamkausha zaidi ya kutokunywa.

Na tafadhali, ukichagua Januari, usiwanyeshee mvua siku ya nne. Vuli imekwisha, masika haijafika. Msomaji wa pwani atakucheka.

Kalamu_Mbichi
Shukrani sana. Nachukua Januari. Foromali ivunjike saa ngapi?

Nahodha_wa_Karatasi
Jioni, giza likikaribia. Ikivunjika asubuhi kuna ngalawa nyingine jirani, na utatumia kurasa mbili kueleza kwa nini hakuna aliyewaona.