Mrejesho: Marafiki wa mieleka Dakar

Wakuu, niliuliza hapa nitapataje marafiki kwenye kambi ya mieleka Senegal ilhali Kifaransa sijui. Asanteni sana. Aliyesema nisikimbilie chumbani baada ya mazoezi, nikae kwenye ataya, yaani kikao cha chai cha Wasenegali, Mungu ambariki: chai ile humiminwa raundi tatu, haina haraka, na hapo ndipo wanamieleka wenzangu waliponizoea. Wakanipeleka kushindana nao mchangani, ufukweni, na kwenye sinia la wali na samaki kila mtu alinimegea minofu akaisogeza upande wangu. Salamu za Kiwolof, lugha ya wenyeji, nazo zilisaidia mno. Katika kuendelea kuwasiliana nao, kundi la WhatsApp halikufua dafu, limepoa. Ujumbe wa sauti kwa mmoja mmoja ndio unaodumu, ingawa yule niliyejifua naye zaidi alibadilisha namba na bado namtafuta.