Ukoo wa Mtongwe: Jumamosi ya mapeni ya Nyanya

[08:04] Mwanamisi: Asalaam aleikum jamaa wote. Salim tangu alfajiri yuko uani na ile fimbo yake ya kulia. Chai imepoa. Majirani wanachungulia juu ya ukuta.

[08:06] Jamal Maskati: Waaleikum salaam. Fimbo gani tena?

[08:07] Salim: Si fimbo bwana. Ni detekta, mashine ya kunusa metali ardhini. Nimekuja nayo kwenye begi, inakunjika vipande vitatu.

[08:08] Salim: Kule Bristol, Uingereza, hali ya hewa ikiruhusu, Jumapili nawapakia watoto twende ufukweni Weston na mashine hii na vijembe vidogo. Tukirudi wamechoka, wana mchanga hadi masikioni, na hakuna aliyeulizia intaneti.

[08:10] Jamal Maskati: Na mmepata nini cha maana?

[08:11] Salim: Senti za watalii, pauni mojamoja, pete moja ya fedha. Na vifuniko vya chupa, debe zima.

[08:11] Jamal Maskati: Pesa ya petroli imerudi?

[08:12] Salim: Haijarudi na haitarudi 😂

[08:14] Mishi Kisauni: Nyie mko uani na mimi bado niko foleni ya feri. Msianze bila mimi.

[08:15] Idi (simu ya mama): shangazi tumeanza. jana tulienda beach ya Shelly mashine ikalia mpaka watu wakahama 😂😂

[08:17] Salim: Ule ulikuwa mchanga uliolowa maji ya chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme, na mashine yangu hii ya bei nafuu ikiyasikia inadhani kuna metali kila hatua. Ukipanda juu kwenye mchanga mkavu inatulia.

[08:18] Idi (simu ya mama): tulipata shilingi mbili za twiga. lakini ami alisema tumepita nyingi

[08:20] Salim: Ndiyo. Shilingi moja hizi mpya za 2018 ndani ni chuma, zimepakwa nikeli tu. Nikiiambia mashine isijali chuma ili nisichimbe misumari, na shilingi nazo inazipita. Zile 2 tumezipata Idi alipoziona kwa macho yake.

[08:21] Jamal Maskati: Kwa hiyo mtoto amemshinda mashine 😂

[08:23] Khalati Rukia Tanga: Salaam wanangu. Uani mnatafuta nini? Si muende baharini mcheze na watoto.

[08:24] Mwanamisi: Shikamoo Khalati. Hujasikia? Jana usiku Nyanya amemwuliza Salim, "Hiyo yako inaweza kuninusia mapeni yangu?" Basi usingizi ukatutoka wote.

[08:25] Khalati Rukia Tanga: Marahaba. Mapeni yapi?

[08:29] Mwanamisi: Peni 12, zile senti kumi za zamani. Alikuwa na miaka kama 10 hivi, kabla ya uhuru. Akisuka ukili, akiuza, kila apatapo senti kumi anaitunga kwenye ugwe kwa lile tundu lake la katikati. Akatia kwenye mkebe, akafukia kwenye mizizi ya mwembe. Idd ilipokaribia akaenda kufukua, hakuona kitu. Baba yake alikuwa amelima pale, alama zote zimepotea.

[08:30] Mwanamisi: Na nyinyi mnajua tangu siku hiyo anamshuku nani.

[08:30] Mishi Kisauni: Yule mgema!

[08:31] Jamal Maskati: Mgema wa watu, Mungu amrehemu. Sisi tumekua tukiambiwa tusikae naye karibu, ana mkono mrefu.

[08:33] Khalati Rukia Tanga: Mambo ya zamani hayo. Jua kali, Salim mwanangu, usijitese.

[08:40] Hafidh Malindi: Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha mitihani. Salim, neno moja kabla hujachimba. Uani kwa mama yako ni kwenu, na mapeni ya Nyanya ni ya juzi tu. Lakini usinichukulie watoto na mashine hiyo ukawapeleka kwenye magofu ya kale, Jumba la Mtwana wala Gede. Kitu chochote kilichotengenezwa kabla ya 1895 kwa sheria ya Kenya ni mali ya kale, na kuvitafuta bila leseni ni kosa.

[08:42] Salim: Najua mwalimu. Hata Uingereza huingii shamba la mtu bila ruhusa yake, na ukipata hazina una siku 14 za kuripoti.

[08:45] Hafidh Malindi: Na si sheria tu. 2013 wataalamu walipata kisiwa cha Manda, kule Lamu, sarafu moja ya China ya zama za mfalme Yongle, miaka 600 nyuma. Ina tundu la mraba katikati. Ile imesema mengi kwa sababu inajulikana ilitoka wapi. Angeifukua mtu usiku akaitia mfukoni, ingekuwa kipande cha shaba tu cha kuuzia watalii.

[08:46] Jamal Maskati: Wachina nao walikuwa wakitunga kwenye ugwe?

[08:46] Hafidh Malindi: Ndiyo, sawa na Nyanya.

[08:58] Idi (simu ya mama): 📷 Picha
[08:58] Idi (simu ya mama): mpaka saa hizi. vifuniko 9, betri 2, kijiko, msumari siwezi hesabu

[09:01] Mwanamisi: Kijiko nimekijua! Kilipotea kwenye harusi ya Mishi.

[09:02] Mishi Kisauni: Miaka 19 😂 mtu alishalaumiwa hapo.

[09:05] Salim: Shida ni mwembe. Uliangushwa hata mimi sijazaliwa. Nyanya anasema ulikuwa hapa nyuma ya jiko. Khalati, wewe unakumbuka?

[09:09] Khalati Rukia Tanga: Mwembe ulikuwa kule mbele, upande wa kibla, karibu na kisima.

[09:12] Mwanamisi: Nimemsomea Nyanya. Anasema, "Rukia alikuwa na miaka saba, anajua nini. Huo wa kisimani ulikuwa mkwaju."

[09:13] Khalati Rukia Tanga: Haya.

[09:14] Khalati Rukia Tanga: Ujumbe huu umefutwa

[09:15] Jamal Maskati: Khalati umefuta nini?

[09:16] Khalati Rukia Tanga: Kidole.

[09:31] Mishi Kisauni: Nimefika. Kinachochekesha ni jinsi wanavyofanya. Salim mbele anapepea ile sahani ya chini, taratibu, haigusi ardhi haipandi juu, kama mtu anayepiga pasi. Nyuma yake Idi na jembe, nyuma ya Idi Yusra na ndoo, nyuma ya Yusra kuku wote wanangoja minyoo.

[09:33] Mishi Kisauni: Na Nyanya kwenye kiti chake, anaongoza kwa bakora. "Rudi. Rudi nyuma. Hapo."

[09:35] Jamal Maskati: Salim, wapigie hadithi ya nyundo wasikate tamaa.

[09:41] Salim: Napumzika basi. 1992, kijiji kinaitwa Hoxne, kule Suffolk. Mkulima kapoteza nyundo yake shambani. Akamwita rafiki yake mwenye mashine, mzee mmoja Eric Lawes, amsaidie kuitafuta. Mzee akapepea, ikalia, akachimba: vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu, sarafu za Warumi. Sasa angekuwa mwingine angekesha hapo na gunia. Yeye alipoona si kidogo akaacha kuchimba, wakaita wenye ujuzi. Kesho yake wataalamu wakafukua kila kitu mahali pake. Sarafu karibu 15,000.

[09:42] Idi (simu ya mama): na nyundo???

[09:42] Salim: Ilipatikana. Iko jumba la makumbusho London, British Museum, pamoja na dhahabu.

[09:44] Mwanamisi: Nyanya anasema yeye hataki ya Warumi. Yake 12 tu.

[10:07] Idi (simu ya mama): IMELIA. lakini ami anasema chuma, sauti nzito, tuache

[10:08] Idi (simu ya mama): nyanya amekataa. anasema chimbeni

[10:15] Mishi Kisauni: 📷 Picha
[10:15] Mishi Kisauni: Bati limeoza, ukilishika linavunjika kama kaki. Lakini tazameni ukingo, ni duara. Nyanya amesimama. Mwenyewe, bila kushikwa mkono.

[10:16] Mwanamisi: Anasema ni mkebe wake.

[10:17] Jamal Maskati: Subhanallah

[10:18] Hafidh Malindi: Taratibu jamani, kwa mikono sasa, si jembe.

[10:20] Salim: Na nimetaka kuupita! Hii ndiyo kasoro yake: chuma chenye kutu kikikaa juu ya sarafu kinaifunika, mashine inasikia chuma peke yake. Ondoeni bati lote, napitisha tena shimoni.

[10:22] Idi (simu ya mama): 🎤 Ujumbe wa sauti, 0:06

[10:23] Jamal Maskati: Mlio huo! Mwembamba kama wa ndege.

[10:24] Mishi Kisauni: Nyanya ana bakora begani kama askari, hakuna anayeruhusiwa kusogea.

[10:31] Idi (simu ya mama): 📷 Picha
[10:31] Idi (simu ya mama): MOJA

[10:32] Mishi Kisauni: Ni kubwa! Imejaa kiganja cha Yusra. Kijani kote, na tundu limeziba udongo. Nyanya amelizibua kwa kijiti cha ufagio.

[10:33] Mwanamisi: Naleta ndimu na majivu ing'ae.

[10:33] Salim: WEKA NDIMU CHINI MWANAMISI

[10:34] Hafidh Malindi: Usisugue! Maji tu, na kitambaa laini. Ukisugua unaondoa maandishi.

[10:35] Mwanamisi: Mnanipigia kelele kwangu mwenyewe. Haya, maji.

[10:43] Idi (simu ya mama): 📷 Picha
[10:43] Idi (simu ya mama): upande mmoja pembe za ndovu zimezunguka tundu. mwingine taji na maandishi EDWARDVS VIII. chini ya pembe 1936 na H ndogo

[10:45] Hafidh Malindi: Edward wa Nane! Idi hebu soma tena.

[10:46] Idi (simu ya mama): E D W A R D V S. ndiyo. huyo nani?

[10:50] Hafidh Malindi: Mfalme wa Uingereza aliyekaa kitini karibu miezi 11 tu. Januari hadi Desemba 1936. Akataka kumwoa Mmarekani aliyekwisha kuachika mara mbili, wakubwa wakakataa, akaacha ufalme akamchukua mkewe.

[10:51] Mishi Kisauni: Mwanaume huyo 👏👏

[10:53] Hafidh Malindi: Sasa sikilizeni. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kutolewa rasmi, muda haukutosha. Lakini hizi zetu za Afrika Mashariki zina tundu katikati, hazina sura ya mfalme, ni jina tu. Hakuna aliyengoja picha. Zikapigwa, zikapanda meli, zikaja. Jina lake likawa linatumika Mombasa kununulia samaki na kwao halipo.

[10:55] Salim: Na hiyo H ni ya kiwanda cha Heaton, Birmingham. Saa moja na nusu kwa gari kutoka kwangu. Nimeifuata mpaka Mtongwe!

[10:56] Jamal Maskati: Bei? Bei?

[10:57] Salim: Tulia. Zilipigwa mamilioni. Haikununulii hata tiketi ya basi kwenda Nairobi.

[10:58] Idi (simu ya mama): 😭

[10:59] Mwanamisi: Nyanya anasema peni ilikuwa mahamri mawili na chai, msiidharau.

[11:20] Salim: Nimepita shimo lote na kando yake, hatua tatu kila upande. Kimya. Hakuna nyingine.

[11:22] Mishi Kisauni: Nyanya anauliza 11 ziko wapi. Anasema ugwe ungeoza zingebaki hapohapo, peni haina miguu.

[11:23] Jamal Maskati: Mgema.

[11:24] Mwanamisi: Ndivyo anavyosema. Lakini Nyanya mwenyewe anashangaa, mwizi gani anaacha moja halafu anafunika mkebe na kuufukia tena?

[11:25] Hafidh Malindi: Swali zuri hilo.

[11:27] Khalati Rukia Tanga: Ujumbe huu umefutwa

[11:28] Khalati Rukia Tanga: Ujumbe huu umefutwa

[11:29] Mishi Kisauni: Khalati 👀

[11:30] Jamal Maskati: Khalati kidole tena?

[11:36] Khalati Rukia Tanga: Nilikuwa mdogo. Nilimwona akifukia. Nikataka bangili za kioo za Idd, zile za rangi nyekundu, na mama alisema hana. Nikachukua kidogokidogo. Mbili, halafu tatu. Ya mwisho nikaogopa kuichukua, nikasema akikuta mkebe mtupu atajua ni mtu, akikuta moja atadhani amekosea hesabu. Kisha baba akalima na mimi mwenyewe sikujua tena ulipo.

[11:37] Khalati Rukia Tanga: Bangili zilivunjika siku ileile ya Idd. Zote.

[11:38] Jamal Maskati: 😳

[11:38] Mishi Kisauni: Nani anamsomea Nyanya? Mimi siwezi.

[11:40] Mwanamisi: Nimemsomea. Amenyamaza. Halafu akasema, "Nilimwuliza siku ile zile bangili kapata wapi. Akasema ameokota."

[11:41] Khalati Rukia Tanga: Mwambie nitamlipa.

[11:42] Salim: Khalati, 11 kwa senti kumi ni shilingi moja na senti kumi.

[11:43] Hafidh Malindi: Miaka 70, Salim. Hesabu mahamri, si senti. Mahamri 22 na chai 11.

[11:49] Idi (simu ya ami): mama hana simu tena. nyanya ameichukua amempigia nyanya rukia amefunga mlango

[11:50] Jamal Maskati: Anagomba?

[11:51] Idi (simu ya ami): mara anagomba mara anacheka. sasa wanaimba kitu

[12:20] Salim: Bado wako kwenye simu. Salio la Mwanamisi nimeliongeza mara mbili.

[12:34] Mishi Kisauni: Ametoka. Amefunga peni kwenye pindo la leso. Kauliza jambo moja tu: yule mgema, wanawe bado wanakaa kule nyuma ya msikiti?

[12:35] Jamal Maskati: Mmoja yuko. Kwa nini?

[12:36] Mishi Kisauni: Amemwambia Mwanamisi akande unga wa mahamri. Mwingi. Baada ya alasiri anakwenda kwake, na Idi abebe sinia.